Cheti cha Mkunga

Wakati wa Waingereza nilikuwa dresa katika zahanati ndogo juu ya Usa River, na kazi iliyonichosha kuliko kufunga vidonda ilikuwa kuwapunguza watu wazima unene. Mzani wetu ulikuwa wa watoto wachanga. Wagonjwa wangu niliwapeleka ghala la kahawa wakapande mzani wa magunia, huku karani akiwauliza kama wamekauka vizuri.

Mmoja wao alikuwa mkunga wetu, mama mzito mwenye magoti yaliyovimba, ambaye ndiye aliyenipokea hata mimi nilipozaliwa. Nyumba za juu, karibu na msitu, hakuweza tena kuzifikia bila kusukumwa mgongoni. Nilimwuliza lengo lake ni nini. Hakutaja ratili hata moja. Alitaka apande mwenyewe hadi nyumba ya mwisho kabla ya masika. Tukakubaliana: kila wiki mbili mzani, kila wiki nyumba moja zaidi.

Tatizo lilikuwa kazi yake yenyewe. Kila alipozalisha aliwekewa mtori wa ndizi, nyama na samli, na kwetu mkunga akikataa chakula hicho ni kama amemkataa mtoto. Nami, kwa kuchoka kubishana na akina bibi wa kila nyumba, nikaandika cheti: mama huyu anatumia dawa, asipewe mafuta. Nikapiga muhuri, nikampa awe anakionyesha kila nyumba. Nilijiona mjanja kweli.

Alipungua. Karani alisoma mzani mara mbili. Siku alipofika nyumba ya mwisho bila fimbo alikuja zahanati kunieleza, lakini hakukaa kwenye benchi.

"Mwanangu, magoti sasa yanapanda. Nipande kwa nani? Hawaniiti tena."

Ndipo nilipoelewa. Siku zile, mtu aliyetembea na karatasi ya zahanati alidhaniwa ana kifua kikuu au ukoma, na mimi sikuandika ugonjwa gani. Nilikichana cheti mbele yake. Niliona haya, maana kilikuwa kimeshasomwa mlima mzima.

Mke wangu alikuwa anakaribia kujifungua. Nilisema tumwite mkunga wetu. Mama yangu alikuwa ameshaagiza mkunga mwingine kutoka Kikatiti. Nikamweleza kwamba kile cheti kilikuwa njia tu ya kukwepa samli.

"Kama haumwi, uliandika nini?" mama aliniuliza.

Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka moto, na sikubisha. Hilo ndilo ninalojilaumia, kuliko hata cheti.

Asubuhi mtoto alipozaliwa nilikuwa uani nikipasua kuni. Mkunga wetu akapita njiani akipanda, hahemi, mikono mitupu. Nilimpa shikamoo. Aliuliza amezaliwa nani, nikamwambia ni msichana. Harufu ya mtori ilikuwa imejaa uani. Alisema hongera, mwanangu, akaendelea kupanda.