Mtikisiko wa Basi la Wauguzi

Chuo kizima kilimwita Taratibu, na yeye hakuona ubaya. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa uuguzi waliochelewa zamu kwa sababu alikataa kukimbiza gari, naye akalivaa kama wengine wanavyovaa suti ya Jumapili. Miaka thelathini na moja aliendesha magari ya chuo bila kumkwaruza mtu wala mbuzi. Baba yake naye alikuwa dereva, akastaafu kwa heshima, wakubwa wakamsindikiza hadi mlangoni kwake. Nyumbani kwao mtu akisema "dereva" alikuwa anataja cheo.

Kwa hiyo basi dogo la wanafunzi lilipoanza kutetemeka kila likifika mwendo wa hamsini, Taratibu aliona kama ametukanwa. Wanafunzi nao hawakumsaidia.

"Mzee Taratibu, leo umetupepeta mpaka makapi yametoka," mmoja alisema akishuka, mkono kiunoni.

Alilipeleka gereji ya chuo. Fundi, mtu mnene wa maneno mengi, alikuwa na swali moja aliloanza nalo siku zote.

"Unausikia wapi huo mtikisiko, mzee wangu? Mikononi au makalioni?"

"Mikononi," Taratibu alijibu bila kufikiri.

Hilo kwa fundi lilitosha. Mtikisiko wa mikononi, alieleza, unakaa mbele: matairi, rimu, vifundo vya usukani. Wa makalioni unakaa katikati au nyuma. Akashughulika na mbele. Alisawazisha matairi, akabadilisha kifundo kimoja kilichokuwa na ulegevu kidogo, kisha akaliendesha peke yake, maana kanuni za chuo zilikataza kupakia watu katika gari linalojaribiwa. Akarudi akipiga mluzi. Gari limetulia kama maji ya mtungi, alisema.

Kesho yake, na wanafunzi kumi na wanne ndani, lilitetemeka tena. Likarudi gereji, likajaribiwa tupu, likatulia. Mara ya tatu hivyo hivyo.

Ndipo ofisa usafiri akamwita ofisini. Alikuwa kijana ambaye Taratibu mwenyewe alimpeleka shule enzi za utoto wake, kwa hiyo alimpa kiti kwanza.

"Mzee wangu, gari halina kitu. Mimi sisemi, lakini watu wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Labda macho. Labda umri." Kijana alihamisha kalamu kutoka upande huu wa meza hadi ule. "Ukilileta mara ya nne lionekane zima, itabidi nikutoe barabarani. Nitakosa la kuwajibu wakubwa."

"Gari linatetemeka," Taratibu alisema. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia.

Mkono huo ulikuwa na habari zake. Tangu mwanzo wa mwaka ulikuwa ukicheza wenyewe, kidole gumba kikitangulia, hata akiwa amekaa tu. Alijieleza kuwa ni gari. Mtu akitoka kwenye mashine ya kusaga huendelea kuisikia masikioni hadi nyumbani. Na yeye alikuwa anarudi na basi mikononi. Gari likipona, mkono ungepona. Gari likiwa zima, basi mgonjwa ni yeye, na hilo hakutaka hata kulimaliza kichwani.

Jibu alilipata asubuhi moja akiwatazama wanafunzi wakipanda. Kila aliyeingia, mkia wa basi ulishuka kidogo. Akaenda moja kwa moja gereji.

"Fundi, wewe unalijua likiwa tupu. Mimi nalijua likiwa limeshiba. Hatuzungumzi habari ya gari moja."

Fundi akaweka spana chini. "Na kanuni?"

"Kanuni inakataza watu. Mchanga haikuutaja."

Palikuwa na mchanga wa ujenzi wa bweni jipya. Walipakia magunia ishirini, fundi akilalamika kwamba hakusomea ukuli. Taratibu akashika usukani. Walipofika hamsini, sakafu ilianza kunguruma, viti vikacheza, na kitambi cha fundi kikacheza navyo.

"Simama," fundi alisema. "Nakuomba radhi, mzee wangu. Nimekudhalilisha bure."

Wakati wa kurudi fundi ndiye aliyeendesha, apate kulisikiliza vizuri. Kisha akaingia uvunguni. Mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ambao wao waliuita propela, ulikuwa wa vipande viwili, na katikati ulishikwa na beringi iliyolala ndani ya mpira. Mpira ulikuwa umechanika. Gari likiwa tupu, propela ilinyooka. Likilemewa, mkia ulishuka, propela ikapinda pale katikati na kupiga.

Taratibu alisimama ameegemea boneti, moyo mweupe. Alikuwa anapanga maneno ya kumwambia ofisa usafiri, machache na ya adabu, yasiyosahaulika. Fundi akatoka uvunguni akijifuta mikono.

"Mzee, uliniambia mikononi."

"Ndiyo."

"Hii haifiki mikononi. Nimeliendesha wakati wa kurudi. Kiti kimenitikisa hadi meno, lakini usukani ulikuwa kimya kabisa."

Injini ilikuwa imezimwa. Juu ya boneti, mkono wa Taratibu ulikuwa ukicheza, na kucha zikigonga bati polepole. Wote wawili waliusikia. Fundi akageuka, akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

"Nitaandika propela," alisema. "Ilikuwa mbovu kweli, sitakuwa nimedanganya. Mengine mimi si daktari."

Nyumbani, mkewe, mwalimu mstaafu asiyependa habari za nyumba yake zivuke pazia, alishukuru Mungu kusikia kwamba ugonjwa wa gari umeonekana. Akamimina chai. Taratibu akakitazama kikombe.

"Tangu lini unanimiminia nusu?"

"Tangu ulipoanza kumwaga, baba watoto."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ingekuwa kweli." Akavuta kiti, akakaa. "Andika barua mwenyewe. Omba kupumzika kabla mtu hajakuona. Afadhali waseme umechoka kuliko waseme umeshindwa."

"Jina langu limesafishwa leo hii, mke wangu. Leo. Wacha hata nilivae kwanza."

Mkewe akamsogezea kikombe.

Propela ilifungwa upya. Jumatatu wanafunzi kumi na wanne walipanda, na lilipofika hamsini mmoja alisema leo wamepanda ndege. Wakampigia makofi. Kiti kilikuwa kimetulia na sakafu imetulia. Katika gari zima, kilichotetemeka ni mkono wake tu, na sasa hakukuwa na kitu kingine cha kuuficha. Lori likaja mbele yao. Akavuta usukani kushoto, mkono ukavuta zaidi ya alivyouagiza, na tairi likakanyaga kokoto za ukingoni, kisha likarudi. Nyuma hakuna aliyekatisha hadithi yake.

Aliwasha taa ya kuashiria, akaegesha mahali pa wazi, akavuta breki ya mkono.

"Limeanza tena?" mmoja aliuliza.

"Gari ni zima."

Alishuka, akampigia simu ofisa usafiri. "Tuma dereva," alisema.

"Propela tena, mzee?"

"Hapana. Tuma dereva."

Dereva wa akiba alifika baada ya nusu saa, akasalimia kwa heshima, akapewa ufunguo. Taratibu akapanda kwa mlango wa nyuma. Wasichana wakasogea, wakabanana kumpa nafasi kwenye kiti cha mwisho. Gari likaondoka, naye akainyanyua mikono, akaishusha, akainyanyua tena. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa huku, na hakujua mtu wa nyuma hushika wapi.