Mikono Iliyonisuka

Duara lile lisilo na nywele limenirudia mwaka huu, nyuma ya sikio, laini kama ganda la yai. Nililigundua nikijifunga kilemba, na papo hapo, msomaji wangu, pua ikanijaa harufu ya mafuta ya nazi ya uani kwetu Temeke.

Kila Jumapili alasiri jirani yetu, mwanamke aliyetoka Lindi, aliketi kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, nami mkekani katikati ya magoti yake, anisuke mtindo wa twende kilioni wa kwendea shule. Mihogo ilichemka, kitana kikikwaruza. Akimaliza, alikusanya nywele zilizokatika akampa bibi azichome. Bibi aliamini kwamba mwenye nia mbaya akiokota nywele zako, amekushika wewe mzima.

Jumapili moja bibi alikuwa msibani Buguruni, na nywele zangu zikaishia jalalani. Majuma machache baadaye duara la kwanza likatokea utosini, kisha la pili.

"Nywele za mjukuu wangu ulizipeleka wapi?" bibi aliuliza mbele ya wapangaji wote.

"Nilizitupa, mama, moto ulikuwa umezimika. Mie nimroge mtoto ninayemsuka tangu hajang'oa meno?"

"Mkono wako usimguse tena."

Nilinyolewa. Watoto wa mtaani walinipokea kwa "Kipara ngoto!", lakini kejeli hiyo haikuniuma kama kile kigoda kitupu. Kinamama waliacha kumpelekea watoto. Hata chumvi hawakumwomba tena. Masika hayajaisha, akahamia Gongo la Mboto.

Juzi daktari wa ngozi alinieleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na maradhi, huyashambulia mashina ya nywele kana kwamba ni adui. Ugonjwa huo hauambukizi, wala hakuna mtu anayeuleta. Nywele huenda zikaota, huenda zisiote.

Nilimweleza bibi taratibu, nikitafuta maneno yasiyomhukumu. Alilipapasa duara langu kwa kidole.

"Kwa hiyo ni mwili wako wenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Na yule mtoto wa watu, je?"

Nilikwenda Gongo la Mboto kumtafuta. Kila niliyemsimamisha aliniuliza jina lake. Sisi watoto tulimwita Jirani, basi; bibi naye jina amelisahau. Nilichoweza kueleza ni vidole vyake tu, jinsi vilivyopita kichwani mwangu bila kuniumiza.