Grisi Kwenye Nyumba ya Hewa

Drili ya kwanza niliyokabidhiwa kazini, miaka ile ya tisini, niliiharibu siku hiyo hiyo. Nawaambia mapema, msije mkadhani nilizaliwa fundi.

Karakana yetu ilikuwa Shimanzi, tukirekebisha drili za nyundo, zile zinazozunguka huku zikigonga, na kwenda kutoboa kuta za watu. Msimamizi alinipa moja niitie grisi kwenye giya. Nami, kwa kujipendekeza, nikaishindilia mpaka ndani ya silinda.

Kesho yake Mzee Kahindi, mwashi wetu, akaenda nayo mtaa wa Kuze kutoboa ukuta wa nyumba ya mawe. Adhuhuri akarudi ameloa jasho. Drili yazunguka, haigongi.

"Umeilalia kwa uzito wako wote, Kahindi!" msimamizi akafoka. "Umeiua. Kesho usije kazini."

"Haki ya Mungu, bwana, sikuilalia. Miaka kumi na miwili niko nawe."

Msimamizi akaichukua drili. Akaifungua mezani atuonyeshe uharibifu. Ndani ya silinda mna pistoni, mota huipeleka mbele na nyuma. Mbele yake mna nyundo ndogo ya chuma, na wala hazigusani, kati yao ni hewa tu. Pistoni ikija, hewa hubanwa, ikairusha nyundo ikagonge kitako cha biti, kile chuma kinachotoboa. Pistoni ikirudi, nyundo huvutwa nyuma. Hewa ndiyo inayofanya kazi, mkono wa mtu hushika tu.

Lo! Pale pa hewa palijaa grisi yangu tele, nyundo imenasa ndani yake.

"Nani kaijaza hivi?"

Yarabi! Ningenyamaza, mzee wa watu angekwenda zake bila kazi. Aibu ikanishinda.

"Ni mimi, bwana."

Msimamizi akanitazama, kisha akamgeukia mwashi. "Niwie radhi, mzee wangu." Mimi akaniambia, "Isafishe. Halafu nenda Kuze ukatoboe wewe."

Kahindi akanifuata bila kutumwa. Mbele ya ukuta ule niliisukuma drili kwa kifua kizima. Akacheka, akanigusa bega. "Taratibu, mwanangu. Usiilalie. Ishike tu." Nikalegeza mikono, na jiwe likaanza kumung'unyika. Nilikuwa karibu kulia.

Sasa nimestaafu, lakini bado naletewa drili zisizogonga. Mwenye drili huanza kumlaani aliyeishika mwisho. Mimi humuuliza kwanza nani aliitia grisi.