Hamira na Mtandao Uliomuua Shemeji

Jina la Hamira alipewa na mumewe, na mtaa mzima ukalichukua, kwa sababu mwanamke huyu ni mwokaji wa mikate na hasira zake huumuka polepole. Zikijaa beseni, watu huanza kutafuta viatu vyao. Nyumba yake ndiyo ya mwisho barabarani. Baada yake kuna shamba la mtu, kisha basi. Nguzo ya mwisho ya simu imesimama kwenye kona ya ua wake, imeinama kidogo, kama mgeni aliyefika akiwa hoi.

Mtu aliyetaka kuzungumza naye kila Alhamisi alikuwa mmoja tu: dada yake mkubwa, ambaye hasikii tangu kuzaliwa. Wawili hao walilelewa chumba kimoja, wakajitungia lugha yao ya mikono. Mama yao aliielewa nusu, na sasa hayupo. Dada na mumewe wanaishi mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Kusoma anasoma kwa taabu, kwani shule aliyopelekwa ilimkalisha nyuma ikamsahau. Ukimwandikia ujumbe, mumewe ndiye humsomea, kwa ishara chache alizookota. Na nusu ya mazungumzo ya Hamira na dada yake yanamhusu huyo huyo msomaji. Kwa hiyo njia iliyobaki ni simu ya picha: tableti imeegemezwa kwenye kopo la unga, mikono yote miwili iko huru, macho hayabanduki.

Kampuni ya simu ilimuuzia mtandao wa waya. Tangazo lilisema kasi ni "hadi" kiwango kikubwa, kiwango kikapigwa chapa kwa herufi nene, na hilo neno "hadi" likawa dogo kama sisimizi. Watu wazima, wenye vyeti ukutani, walikaa kikao wakakubaliana neno hilo liwe dogo. Ukweli waliokuwa wakiujua ni kwamba mtandao huo hutoka kwenye kituo cha simu kule mjini, na kadiri waya wa shaba unavyorefuka ndivyo kasi inavyopungua. Jirani wa kituo huchota kwa ndoo, na nyumba ya mwisho hulamba bomba. Hamira hakuambiwa hayo. Alionyeshwa picha ya familia inayotabasamu.

Sasa, katika lugha ya ndugu hawa wawili, mbuzi ni kuvuta kidevu mara mbili. Shemeji, mwenye ndevu chache kidevuni, ni kuvuta kidevu mara moja. Dada ndiye aliyempa mumewe jina hilo, wiki ile ile ya harusi, na mpaka leo hajaomba radhi.

Alhamisi moja Dada alitokea kwenye tableti uso umemkunjamana. Akavuta kidevu. Picha ikaganda. Ilipozinduka, kiganja chake kilikuwa tayari kimelala chali: amekufa. Ikaganda tena, safari hii jumla.

Hamira alipiga yowe. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, alitoka bafuni mbio, sabuni masikioni.

"Kuna nini?"

"Shemeji ametutoka!"

"Ametoka kwenda wapi?"

"Amekufa, wewe bwana!"

Bila kusubiri uhakika, na hapo ndipo kosa lilipoanza, Hamira akaandika kwenye kundi la familia la simu. Rambirambi zikamiminika. Mpwa mmoja aliandika, "Alikuwa mtu mwema, ingawa hakuwahi kumwazima mtu hata mwavuli." Shangazi akaongeza, "Apumzike salama, nasi tupumzike na hadithi zake za jeshini." Kundi lilikuwa limepamba moto pale ulipoingia ujumbe wa marehemu mwenyewe: "Nimesoma yote. Aliyekufa ni mbuzi."

Alhamisi iliyofuata Dada hakusalimia.

"Nimemlilia mbuzi wangu peke yangu," mikono yake ilisema, mikali kama makofi. "Wewe ukamlilia mume wangu, naye alikuwa mezani anakula."

"Picha iliganda, dada yangu."

"Basi tafuta dirisha lisiloganda. Mpaka hapo usinipigie. Siongei na mtu anayeona nusu ya mikono yangu."

Akazima. Hamira alibaki ametazama kioo cheusi. Hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kuongea naye lugha ile.

Alianza na kampuni ya simu. Binti wa huduma kwa wateja alimwambia laini yake ni nzima kabisa.

"Mama, zima kisanduku cha mtandao, halafu washa."

"Nimezima, nimewasha. Nizime na nyumba?"

Mumewe alipendekeza dishi la juu ya paa, la kunasa mtandao wa satelaiti. Alilisifu kwa ufasaha ambao hakuwahi kuutumia alipokuwa akimchumbia.

"Dishi litatazama mbinguni," Hamira alisema, "na wewe utatazama mpira. Dada yangu atatazamwa na nani?"

Ndipo akaja mchuuzi wa mtandao wa mnara, shati jeupe, kisanduku kwapani.

"Mama, huu haujui umbali wala waya. Unauona mnara ule kilimani?"

"Nauona. Wenyewe unaniona?"

"Unakuona vizuri sana! Na ukiridhika leo hii, tukasaini, mwezi wa kwanza ni bure."

Kumpata Dada kwa ajili ya jaribio kulihitaji unyenyekevu, maana ilibidi ujumbe upitie kwa marehemu. Shemeji alijibu: "Nitamfikishia, nikipewa ruhusa ya kutoka kaburini." Dada akakubali kwa sharti moja. Angesimulia kisa cha kuchekesha. Hamira akicheka panapochekesha, mtandao umefaulu.

Kisanduku kikawekwa juu ya kabati, kando ya tanuri. Picha ilianza safi. Dada alisimulia jinsi Shemeji alivyojaribu suruali dukani akatoka nje na ya muuza duka. Kisha picha ikaanza kuja vipande vipande: kiwiko, nyusi, mkono bila vidole. Mchuuzi alisimama begani kwa Hamira, kalamu wazi mkononi. Mwezi wa bure ulikuwa karibu kiasi cha kunusika. Na Hamira, ambaye tangu aanze biashara hajauza mkate uliopungua uzito, akacheka. Alicheka kwa mabega na kwa kiganja kifuani, ili kicheko kionekane mbali.

Mikono ya Dada ikasimama.

"Unacheka nini?"

"Kisa chako, dada."

"Kisa nilikikatiza zamani. Nilikuwa nakuambia jino linaniuma tangu juzi, sikulala. Wewe unacheka."

Kioo kikawa cheusi.

Wapo watakaosema ni jambo dogo. Si dogo. Neno dogo la tangazo lilimdanganya mteja asiyejulikana. Hamira alimdanganya dada yake usoni, katika lugha ambayo hakuna mwingine wa kuisahihisha. Uongo wa kucheka ni uongo kamili, na kuwa na haraka hakuupunguzi hata chembe.

"Mwanangu," alimwambia mchuuzi, "funga kalamu yako."

"Mama, labda kisanduku hakijapapenda hapa. Tukishasaini, fundi huja kuangalia."

"Kumbe fundi yupo?"

"Yupo, mama. Ila huja baada."

"Kwangu atakuja kabla. Nenda kamlete."

Fundi alikuja, akatazama tanuri la chuma, akatazama paa la bati, akacheka kwa haki.

"Mama, umekitia kisanduku kwenye sufuria ukafunika kifuniko. Tuweke antena nje, juu ya paa, iutazame mnara ana kwa ana."

Ngazi ikaletwa. Mumewe akauliza kwa sauti ya chini kama dishi nalo lingeweza kupata nafasi huko juu.

"Shikilia ngazi," mkewe alimjibu.

Wakati nyundo zikilia, Hamira alikaa kwenye gunia la unga akaandika ujumbe, akijua wazi nani angeusoma kwanza. "Nilicheka bila kuona. Nilikudanganya ili nimalize haraka. Nisamehe. Jino linaendeleaje?" Aliufuta, akauandika tena vile vile, akautuma. Jibu la Shemeji lilikuwa fupi, bila utani: "Jino limeng'olewa. Anasema Alhamisi, mara moja, na iwe ya mwisho kama hujajirekebisha."

Alhamisi ilifika Hamira akiwa na unga viganjani na mikate tanurini. Mchuuzi na mumewe walisimama nyuma yake. Picha ilikuja safi kiasi kwamba Hamira aliona hata pengo la jino. Dada alisimulia habari za daktari wa meno, jinsi Shemeji alivyomsindikiza kumtia moyo, akaliona koleo, akazimia yeye. Hamira alicheka palepale Shemeji alipogusa sakafu. Mchuuzi akashusha pumzi.

Mara mikono ya Dada ikasimama hewani, kinywa nusu wazi, macho yamekaza.



"Cheka," mumewe alimnong'oneza. "Cheka kidogo, labda itazinduka."

Mchuuzi alitazama viatu vyake.

Hamira alijifuta unga kwenye aproni, kidole kwa kidole. Alijua akikiri, jaribio limekwisha na dada yake amekwenda. Akainua mikono, akasema taratibu: "Sioni kitu. Umeganda. Sijui umesema nini."

Dada hakutikisika. Ila nyuma yake, kutoka jikoni, alipita Shemeji na kikombe cha chai, akasimama, akamtazama mkewe aliyeduwaa kama sanamu, akatazama kamera, akanywa funda moja, akaendelea na safari yake.

Mabega ya Dada yakaanza kutikisika.

"Haikuganda," mikono ilisema. "Nilijigandisha mwenyewe."

"Dada! Umenitisha!"

"Nilitaka nijue utacheka au utasema kweli. Sasa nisikilize, maana nina mengi, na anayehusika ameenda kuongeza sukari."

Mchuuzi alisubiri saini yake akisimama, kisha akisimama kwa mguu mmoja, kisha akakaa juu ya gunia. Mazungumzo yalikuwa marefu. Hakuna aliyekumbuka tanuri mpaka moshi ulipofika. Mikate ya siku ile iliungua juu, na Hamira alimwambia hivyo kila mteja, kabla hajaifunga kwenye karatasi.