Tumbaku Isiyowashwa

Kawkab alichukia sigara kuliko nyoka. Mumewe Ghassan akitaka kuvuta, alifukuzwa hadi nje ya ua, mvua isimhurumie, na majirani wakapata la kuchekea: "Leo umefungiwa tena, bwana?" Kawkab hakuwajali. Mtoto wao wa kwanza, Jawad, alikuwa na kifua kinachokoroma tangu kuzaliwa, na sasa Kawkab alikuwa na mimba ya miezi sita. Huyu wa pili, aliapa, atapumua kama watu.

Asubuhi moja mkunga wa kijiji, Sitt Adla, alimkuta barazani na mama mkwe wake, Umm Ghassan, wakitunga majani ya tumbaku kwenye sindano ndefu. Walikuwa wameyachuma alfajiri na umande wake. Ndiyo kazi ya kila nyumba katika vilima vile vya kusini mwa Lebanoni, kiangazi kizima. Uso wa Kawkab ulikuwa umesawijika.

"Umetapika tena?" mkunga aliuliza.

"Mara tatu. Si mimba hii?"

"Ya miezi sita! Ulipokuwa kwa mama yako wiki ile, ulitapika?"

Kawkab akafikiri. "Hata mara moja."

"Lete mikono."

Ilikuwa myeusi kwa utomvu hadi viwikoni.

"Mwanangu, wewe unavuta kumshinda mumeo. Jani bichi likilowa, nikotini yake hupenya ngozini, ikaingia kwenye damu, ikamfikia mtoto. Na mapafu yake ndiyo kwanza yanajengwa."

Kawkab akageuka. Jawad alikuwa kizingitini, akipumua kwa shida, akichezea kifuniko cha sufuria. "Kwa hiyo ni mimi niliyemfanya hivi?"

"Siwezi kuapa. Lakini huyu wa tumboni bado tunamuwahi."

Umm Ghassan hakuinua macho. "Adla, usitutilie maneno hapa. Majani haya yakilala yanaoza. Mimi nimezaa saba na sindano hii mkononi, na sikufa!"

Kwa miaka mitano Kawkab hakuwahi kumjibu mama mkwe wake. Siku hiyo aliweka sindano chini.

"Saba, mama. Uliowalea ni wangapi?"

Sitt Adla akajitia kutafuta kiatu. Umm Ghassan alitunga jani moja, la pili, la tatu likamshinda.

"Watano," akasema. "Nuhad aliishi siku kumi na moja. Mbavu zilikuwa zikibonyea kila akivuta pumzi. Nikasema ni kijicho cha watu, nikamfunga hirizi."

"Na yule mwingine?"

"Yule hakungoja jina."

Akalivuta rundo la Kawkab upande wake, lote. "Ondoka hapa! Kanawe kwa limau, na kesho nikikuona shambani nakupiga mawe."

Alitunga peke yake hadi adhuhuri, akilia waziwazi bila kujipangusa, maana aliogopa kugusa uso kwa mikono ile.