Watoto wa Kadi za Njano

Chumba cha walimu cha Shule ya Fenwood, mashariki mwa Detroit, kilikuwa na ukuta uliojaa kadi. Kila mtoto wa darasa la tatu alikuwa na yake: kijani kwa aliyefaulu kusoma, nyekundu kwa aliyeachwa mbali, njano kwa aliyebakiza kidogo. Chini ya jina waliandika asili yake, mweusi, Mbengali au Myemeni, na kama kwao ni maskini. Umaskini ulikuwa karibu kwenye kila kadi, hata macho yalikuwa yameshauzoea.

Verlene Mapp aliupita ukuta huo kila asubuhi akienda kuchemsha kahawa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, aliyeshona viti vya magari mpaka kiwanda kikahamia kusini. Fenwood ilimwajiri awe msaidizi wa kusoma na kumpa meza kwenye korido. Alifundisha kama alivyofundishwa kushona: kipande kimoja, urudie, mpaka mkono uzoee.

Majira yale ya baridi meza ilikuwa ya Jakayla Stovall, mtoto wa miaka minane mwenye kadi nyekundu, aliyekwisha kuhamishwa shule mara nyingi kama familia yake ilivyohama nyumba. Alipoanza alikuwa akitazama picha na kubuni maneno. Kufikia Januari alikuwa akisoma sentensi nzima kwa kufuata kidole.

“Bi Verlene, hili neno ni refu mno.”

“Likatekate. Kuku humli mzima.”

“Mimi namla.”

“Ndiyo maana unakabwa.”

Februari mkuu wa shule, Prentiss Whitlow, aliwaita walimu. Fenwood ilikuwa shule ya mkataba: fedha za serikali, uendeshaji wa kampuni, na mkataba wenyewe ulikuwa unakwisha Juni. Nusu ya darasa la tatu wasipofaulu mtihani wa Aprili, shule ingefungwa.

“Kuanzia kesho,” alisema Whitlow, “meza ya Bi Verlene ni ya njano tu.”

“Na Jakayla?” aliuliza Verlene.

“Atafika kijani kabla ya Aprili?”

“Anapanda, Mkuu.”

“Sikuuliza kama anapanda.”

Whitlow aliwageukia wote.

“Kwa muda utakaompa yeye, akabaki nyekundu, watano wa njano watavuka. Na tukifungwa, huyo Jakayla ataenda wapi?”

Alinyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara shule ya zamani ya serikali ilisimama imepigiliwa mbao madirishani, mti ukichipua kwenye paa.

“Hospitali yetu inatibu mafua,” alisema Bi Shahnaz, mwalimu wa Jakayla, “wenye nimonia wakae nje.” Mtu mmoja alicheka, kisha akatazama viatu vyake.

Verlene hakulazimishwa. Alimsikiliza Whitlow, akapiga hesabu ile ile, akaona ni kweli.

Kesho yake Jakayla alikuja na kitabu, akakuta viti vimekaliwa.

“Leo si zamu yako, mpenzi.”

“Kesho?”

“Tutaona.”

Kusema hapana kungekuwa na huruma zaidi. Mtoto alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, akasimama karibu na bomba la maji ya kunywa akiwatazama wale watano.

“Kwani hao hawajui kusoma?” aliuliza siku moja.

“Wanajua kidogo.”

“Mimi najua kidogo kuliko wao. Sasa?”

Verlene alimwambia arudi darasani. Machi ilipoanza, Jakayla aliacha kuja. Bi Shahnaz alisema ameanza tena kubuni maneno.

Mtihani ukaja, ukapita. Mwisho wa Mei Whitlow alitangaza kwamba nusu imevukwa, kwa wanafunzi wachache, na mkataba umeongezwa. Wakaleta piza za mraba ukumbini na soda nyekundu. Watoto wa meza ya korido walivishwa nishani za karatasi. Wiki hiyo hiyo wazazi wa waliobaki nyuma waliandikiwa kwamba, kwa sheria ya jimbo ya wakati ule, watoto wao watarudia darasa.

Verlene alitoka ukumbini kabla piza hazijaisha, akaenda kwenye duka la matairi alikofanya kazi Dontrell Stovall, baba wa Jakayla. Utotoni Dontrell alikuwa rafiki wa mwana wa Verlene, akila jikoni kwake.

“Bi Verlene. Hilo gari lako limegoma tena?”

“Gari zima, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Jakayla.”

“Barua nimeipata.” Aliendelea kulegeza nati. “Tangu Februari mama yake alitaka kumchukua akakae naye kwake, mjini Toledo. Shule ya kule ina mwalimu wa kusoma. Nikamwambia, mwache hapa, yuko mikononi mwa Bi Verlene. Kila jioni namuuliza, umesoma leo? Ananijibu, kesho.”

“Nilimwondoa mezani.”

Dontrell aliweka spana chini. “Nani alikuambia umwondoe?”

“Mkuu. Nami nikakubali. Sikukwambia.”

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

“Basi shule imepona,” alisema.

“Mlete kwangu kiangazi hiki. Jikoni, bure.”

“Jumamosi anaondoka.” Alitoa simu mfukoni, akaiwasha irekodi, akamsogezea mdomoni. “Mwambie mwalimu wa Toledo aanzie wapi. Wewe ndiye unayejua anasoma mpaka wapi.”

Verlene alianza kueleza: sentensi fupi anazisoma, maneno marefu anayakata, kidole asinyang'anywe. Kisha akakumbuka kwamba anamweleza Jakayla wa Januari.

“Zima, Dontrell,” alisema. “Sijui tena.”