Dole Gumba Kwenye Barua za Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kuigusa mashine ya fotokopi hata kidogo. Fundi Mkuu, Mhindi mfupi mwenye hasira za karibu, alinipa kitambaa na kuniambia, "Futa kioo hiki mpaka nisikione." Nikafuta hadi saa sita. Kumbe alikuwa akiupima mkono wangu kama ni mzito, na mimi namtukana moyoni!

Nilikuwa kijana kutoka Kenya, nimepanga chumba Namuwongo, mjini Kampala, karibu na reli, na kila asubuhi nilipanda kwa miguu hadi Nakasero kwenye ofisi za serikali. Vijana wa leo mnabadilisha kikasha kizima cha wino na kwenda zenu. Sisi tulisafisha dramu, ile silinda inayong'aa ambayo hupokea picha ya karatasi kwa umeme na kuvuta unga wa wino. Ilifutwa kwa pamba na spiriti, taratibu, glavu mkononi, kwa sababu mafuta ya ngozi yakiigusa tu, doa litaonekana kwenye kila kopi. Niliipenda kazi ile, jamani. Kopi safi ikitoka ingali na joto, niliitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyetoka kuoga.

Kisha utawala wa kijeshi ukawafukuza Wahindi nchini. Fundi Mkuu akaondoka na sanduku moja, nami nikarithi wateja wake wote. Spea zikaadimika, spiriti tukainunua kwa magendo, glavu zikachanika zikaisha. Asubuhi moja, katika ofisi iliyokuwa chini ya Kapteni wa jeshi, niliitoa dramu kwa mikono mitupu. Nikajiambia, ah, mara moja haidhuru. Sikutoa hata kopi moja ya kujaribia.

Saa nane mchana dereva wao akaja kunichukua. Nilimkuta Kapteni ameshika kopi za barua za siri, na chini ya kila moja pana alama ya dole gumba, michirizi yake yote inahesabika. Ukutani alisimama mpiga taipu wake, Mama Akello, mtu wa kaskazini, na watu wa kwao walikuwa wakitazamwa vibaya miaka ile. Alikuwa ameamriwa kuvua viatu. Siku hizo, aliyevuliwa viatu ofisini hakurudi kwake.

"Huyu mama naiba siri," Kapteni alisema. "Nashikashika barua yangu. Ona kidole yake!"

Niliweka karatasi tupu juu ya kioo, nikabonyeza. Ikatoka na dole gumba lile lile.

"Afande, alama iko kwenye mashine, si kwenye barua."

"Basi kidole ya nani?"

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Ningeweza kusema sijui, na naapa niliwaza hivyo. Nikapaka gumba langu wino wa mhuri, nikaligandamiza pembeni mwa ile kopi.

"Yangu, Afande."

Akalinganisha kwa muda mrefu. "Mama, vaa viatu," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe, vua."

Nikavua. Ndipo Mama Akello akasema, "Afande, mkubwa wako nataka barua leo. Nani atatengeneza mashine?"

Kapteni akaguna. "Tengeneza. Kisha potea."

Mama Akello akanipa leso yake nijifunge mkononi badala ya glavu. Niliisafisha dramu nikiwa pekupeku, nikatoa kopi moja, mbili, kumi, zote nyeupe pe.

Kwa kuwa fundi mwingine hakuwapo, waliniita tena, nikaihudumia ofisi ile mpaka utawala ule ulipoanguka. Kila nilipofika, Mama Akello alinipa chai kwanza na kunitania, "Fundi, nawa mikono!" Kisha aliitazama mikono yangu mpaka nifunge mashine. Sasa nimestaafu, na Kampala naikumbuka kwa mapenzi, vilima vyake na kazi yangu. Lakini nilidhani kukiri mbele ya Kapteni kulitosha. Hakukutosha. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "Nisamehe," na nilikunywa chai ya yule mama miaka yote ile bila kulitamka.